Ng'ombe Mmoja Aliyehesabiwa Wawili

Morogoro,
28 Novemba 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama mfikishie yake.

Leo asubuhi nimepata taarifa kutoka kwa daktari wa mifugo wa Tukuyu, na tangu hapo nimeshindwa kukaa kwenye kiti. Amempima ng'ombe wako mwekundu, amemkuta na mimba. Kati ya ng'ombe wote wa Rungwe tuliowapandikiza Septemba, ni wa kwako peke yake aliyeshika. Wengine wamerudi kwenye joto la kutaka dume kana kwamba hatukuwahi kuwagusa.

Siku ile tulipokuja na gari hatukuzungumza vizuri, mvua ilikuwa inatukimbiza. Basi nieleze sasa. Ndama aliyemo tumboni si wa dume la jirani. Ng'ombe wa kisasa wa shamba la chuo alipandwa, na baada ya wiki moja tukakitoa kiinitete tumboni mwake kwa kumwosha na maji ya dawa. Kiinitete ni mwanzo wa kiumbe kabla hakijapata umbo lolote. Kwa macho hukioni; kwenye hadubini kinafanana na tunda la forosadi. Hicho ndicho tulichokiweka kwa ng'ombe wako. Yeye analea tu.

Kazi yangu yote, tangu nilipokuwa naokota ovari za ng'ombe machinjioni huku wachinjaji wakinicheka, inahusu wiki hizo za kwanza. Mimba nyingi hupotea hapo, za ng'ombe na za wanawake, na mwenye tumbo hajui hata kama ilikuwapo. Nataka kujua kwa nini. Wafadhili watakuja Agosti wamwone ndama kwa macho yao, amesimama kando ya ng'ombe aliyemzaa, na wawatoe damu wote wawili. Wakiridhika, mradi unaendelea na mimi napelekwa kusomea upande wa wanawake. Wasipomwona, mradi unafungwa, na serikali imeshatuandikia kwamba asiye na mradi atapunguzwa kazi.

Kwa hiyo, baba, mtunze kuliko ulivyonitunza mimi.

Binti yako,
Alinanuswe


Lupepo,
9 Januari 1995

Kwa mwanangu Alinanuswe,

Ugonile. Hapa wazima, ila goti langu la kushoto na redio, vyote viwili vinakoroma.

Barua yako nimeisoma hadi karatasi imelegea, kisha nikamsomea mama yako, tukabaki tunatazamana. Ng'ombe anakula vizuri na dume la jirani nalifukuza kwa fimbo, hilo usiwe na shaka. Shaka yangu ni nyingine. Unasema baba wa ndama ni dume la huko na mama ni ng'ombe wa huko. Sasa huyu wangu ni nani wake? Shangazi? Maana atakayeumwa uchungu ni yeye na atakayenyonyesha ni yeye. Nilimwuliza mchungaji baada ya ibada, akaniambia nisubiri naye akaulize. Mpaka leo anauliza.

Halafu wapo wanawake. Wamesikia kwamba binti wa Ambindwile anapandikiza mimba, wakaja kuuliza siku yako ya kliniki. Nikawaambia wewe ni wa ng'ombe. Mmoja wao, Jenifer wa bondeni, aliyeolewa zamani na hajapata mtoto, akasema basi naye aandikwe kama ng'ombe, mradi apate. Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Nimjibu nini?

Habari njema ni kwamba mdogo wako Asajile amepata mchumba, Modesta, binti wa Nsajigwa wa Kiwira. Ana adabu na ana cherehani yake. Nsajigwa si mtu mwepesi. Hataki kusikia habari za fedha, anasema siku hizi shilingi inalala shilingi na kuamka karatasi, anataka ng'ombe wenye kwato. Hayo tutayaona, Mungu hamtupi mja wake.

Mimi baba yako,
Ambindwile


Morogoro,
20 Februari 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Swali lako niliwapelekea wenzangu hapa chuoni. Walicheka, kisha wakaanza kubishana, na hadi chai inaisha hakuna aliyeshinda. Kwa damu, mama ni ng'ombe wa shamba. Lakini bila tumbo la ng'ombe wako kile kiinitete kingekufa mapema sana. Na tumbo si gunia, baba. Kiinitete kinatuma habari kwamba kipo, na tumbo linapaswa kuzisikia kwa wakati wake. Mmoja akichelewa, mambo yamekwisha. Nadhani ndivyo wale wengine walivyopoteza. Sasa ng'ombe wako ni mama wa namna gani? Mimi ndiye mtaalamu na sijui.

Jenifer mwambie aende hospitali yeye pamoja na mumewe, wapimwe wote wawili. Mwambie mimi si daktari wa watu. Hapana, mwambie bado. Nimeandika "si" nikaona ni neno gumu.

Asajile mpe hongera zangu, nimefurahi mno. Natuma blanketi la mama mkwe. Mambo ya ng'ombe wa mahari ni yenu wanaume, mimi nina huyu wangu mmoja na ananitosha kwa mawazo.

Binti yako,
Alinanuswe


Lupepo,
2 Mei 1995

Mwanangu,

Ndaga fijo kwa blanketi. Harusi imefanyika Jumamosi, mvua ilinyesha mpaka kwaya ikaimba ndani ya jiko, lakini watu walishiba. Asajile ni mume wa mtu sasa.

Haikuwa rahisi. Tulipungukiwa ng'ombe wawili. Wanunuzi wa kahawa wa siku hizi, hawa wa binafsi, walipita mara moja na mizani yao wakapotea, na Nsajigwa hakutaka ahadi. Mshenga alikwenda Kiwira na kurudi mpaka akachoka na sisi. Ndipo akili ikanijia. Ng'ombe mwekundu ana mimba, na mwenye mimba tulikubaliana ahesabiwe wawili. Nsajigwa alimpapasa tumbo kwa mkono wake mwenyewe, akaridhika.

Usishtuke, nilifikiri kwanza. Unajua kwetu kaka huoa kwa ng'ombe wa dada yake. Dada akiolewa, ng'ombe walioingia kwa ajili yake ndio wanaotoka kwa ajili ya kaka. Wewe hujaolewa, na sikulaumu, vitabu ni vizito. Lakini ulipoandika kwamba umeleta mimba zizini mwangu nikasema, naam, huyu ndiye ng'ombe wa Alinanuswe. Ameingia kwa njia ya kisomi, lakini ameingia. Nikawatangazia wazee hivyo hivyo, wakapiga makofi. Modesta anajua kwamba ameolewa kwa ng'ombe wako. Asubuhi yake, kabla ya kuuliza maji yako wapi, aliuliza wifi yake anapenda kitambaa cha rangi gani.

Wageni wako wa Agosti waelekeze Kiwira. Ni barabara ya lami, hawatapotea.

Baba yako,
Ambindwile


Morogoro,
11 Mei 1995

Baba,

Shikamoo.

Nina hasira na ninaandika nikiwa nayo, unisamehe. Mimba ile haikuwa yako kuitoa mahari, wala haikuwa yangu kukupa. Ni ya mradi. Nilikuandikia kwamba kazi yangu nzima imesimama juu ya ng'ombe huyo mmoja, na wewe umemhesabu wawili ukamtoa.

Nakuomba uende Kiwira umwambie Mzee Nsajigwa kwamba umekosea. Nitanunua mtamba mwingine, mzuri kuliko yule, abadilishiwe kabla hajazaa.

Na hilo la kuolewa kwangu, sikujua kama kulikuwa na hesabu inayonisubiri.

Alinanuswe


Lupepo,
19 Mei 1995

Dada,

Shikamoo. Baba ameshika kalamu siku mbili bila kuandika kitu, mwishoni akanipa mimi karatasi.

Ng'ombe wa mahari akirudi, mke naye anarudi. Unajua hivyo, dada, umekaa mbali tu. Hata ukileta mtamba mwenye pembe za dhahabu, hakuna mshenga atakayekwenda kwa Nsajigwa kusema tunabadilisha. Atasikia kwamba tunamrudisha Modesta.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Ulipokwenda chuo mara ya kwanza nilikuwa na msichana, Veronika wa Ibighi. Baba akasema ngoja dada yako aolewe, ng'ombe wataingia. Ukamaliza, ukaenda Ulaya kusoma tena. Veronika akaolewa na fundi wa Mbeya. Ukarudi, ukaanza utafiti. Kila barua yako ya kufaulu ilisomwa hapa kwa vigelegele, na mimi nilifurahi kweli, kisha nikaenda kukata majani ya ng'ombe peke yangu. Sikukulaumu, sikulaumu hata leo. Lakini Modesta nampenda na nimechoka kungoja.

Kama unamtaka ng'ombe wako, niandikie mimi, mwache baba. Nitampeleka Modesta kwao mwenyewe.

Mdogo wako,
Asajile


Morogoro,
6 Juni 1995

Mdogo wangu Asajile,

Nimelia juu ya barua yako, kisha nikakasirika tena, halafu nikalia. Sijui hasira hii ni ya nani. Si yako. Nilidhani nasoma kwa jasho langu na kwa fedha ya serikali. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mtu mwingine anayelipa, na analipa kwa kukaa peke yake. Kwa nini hamkuniambia? Na mngeniambia, ningefanya nini? Nimejiuliza na sipendi majibu ninayoyapata.

Modesta akae. Ng'ombe naye akae huko huko.

Nina ombi moja tu kwa mkwe wako. Ndama akizaliwa, amruhusu daktari wa mifugo apige picha ya wote wawili na kuwatoa damu kidogo. Haichukui hata nusu saa. Nikiwa na hivyo nitawashawishi wafadhili bila kumsogeza ng'ombe hata hatua moja. Nisaidie katika hilo.

Dada yako,
Alinanuswe


Lupepo,
14 Julai 1995

Mwanangu,

Ndama amezaliwa mwishoni mwa Juni. Jike, mweusi mwenye madoa meupe, miguu mirefu kama ya mwanafunzi wa sekondari. Kiwira nzima imekwenda kumtazama, hata wachimbaji wa makaa walipotoka zamu. Nilifurahi mpaka nikaimba njiani.

Furaha haikukaa. Nsajigwa alipoona ng'ombe mwekundu mdogo amezaa kitu cha namna ile, alitaka maelezo. Nikamweleza kama ulivyonieleza, kwamba mama hasa yuko Morogoro na huyu wa kwake analea tu. Kisha Asajile akaja na daktari wa mifugo, na kamera, na sindano. Nsajigwa akafunga lango. Alisema mahari ikishapokelewa haipekuliwi. Anayemchoma sindano ng'ombe wa mkwe ni mtu ambaye bado anamhesabu kuwa wake. Halafu akaniuliza, "Modesta ameshashika mimba kwenu. Kama anayebeba si mama, na yeye mtamwambia analea tu?" Mdomo wangu huu, mwanangu, ungekuwa mbuzi ningeufunga kamba.

Lakini Nsajigwa ana akili. Amesema ng'ombe hurudi alikotoka kwa njia moja tu isiyovunja ndoa. Mdogo wake, Ackson, karani wa mgodi, alifiwa na mke mwaka juzi. Wanakuposa. Mwekundu na ndama wake watakuwa ng'ombe wa kwanza wa mahari yako. Wazee wawili watatu wamekunja uso, wanasema si vizuri ng'ombe walewale watoke na kuingia, lakini nimewaambia hizi ni zama za soko huria. Sasa hivi Mwekundu na ndama wamefikishwa Ibighi kwa mshenga, wanasubiri neno lako. Ukikubali, nawaleta kwangu. Wakishalala zizini mwangu, umeposwa. Agosti wageni wako watawakuta hapa, wawachome sindano mpaka wachoke.

Ackson hanywi na anasoma magazeti. Mama yako amelia kwa furaha. Wewe unapata ndama, mimi napata mkwe, Asajile anabaki na mkewe. Nimetafuta kasoro sijaiona. Jibu upesi.

Baba yako,
Ambindwile


Morogoro,
24 Julai 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Jibu la kwanza lilikuwa ndiyo. Niliandika, nikatia stempu, nikatembea nalo hadi posta. Niliwaza kwamba wafadhili wakishaondoka nitatafuta maneno ya kujitoa. Halafu nikamfikiria huyo Ackson akinisubiri, kama Asajile alivyonisubiri, bila mimi kujua chochote kinachomuuma. Nikarudi nalo chumbani nikalichana.

Ackson simjui. Huenda ni mtu mwema na nitakuja kujuta. Simkatai yeye. Ninachokataa ni kulipiwa mahari kwa kazi yangu mwenyewe. Yule ndama nilimwona akiwa seli chache tu, hajawa wa mtu yeyote, nikabana pumzi nisitikise meza. Leo natakiwa niolewe ili niruhusiwe kumwona tena. Nimejaribu kulielewa jambo hilo kwa upande wenu na kwa upande wangu, na kichwa kinauma pande zote mbili.

Warudishe ng'ombe Kiwira, baba. Na umwambie Mzee Nsajigwa hivi: ng'ombe wake ni mama wa ndama yule. Sisemi hivyo ili kumtuliza. Wenzake wote walishindwa kushika, yeye akashika, na hicho alichokifanya siku zile bado hakuna mtu duniani anayeweza kukieleza chote. Kuandika kwamba analea tu nilikosea. Modesta naye asikie hivyo.

Wafadhili nitawaambia ndama amezaliwa na siwezi kumwonyesha. Najua watakachosema. Nimeanza kupanga vitabu kwenye maboksi, na ninaogopa.

Binti yako,
Alinanuswe


Lupepo,
30 Agosti 1995

Mwanangu Alinanuswe,

Barua yako kwamba mradi umefungwa na jina lako limo kati ya wanaopunguzwa imefika. Mama yako ameshafagia chumba chako. Njoo na maboksi yako.

Ng'ombe nimewarudisha mwenyewe. Mshenga alikataa, akasema hajapata kurudisha ng'ombe wa posa na hawezi kuanza uzeeni. Kwa goti hili nikawaswaga kutoka Ibighi, nikalala njiani kwa watu wa kanisa ili ndama apumzike, kesho yake nikaingia Kiwira.

Walinikalisha sebuleni, wanaume wote wa ukoo wakiwapo. Nikaanza na lile la mama, neno kwa neno. Nsajigwa hakutegemea. Akanitaka nirudie, nikarudia, na Modesta, ambaye alikuwa amekuja kuwasalimu wazazi, alisikia yote kutoka mlangoni. Hapo mambo yakawa mazuri. Kisha nikasema lile la posa, yakaharibika. Ackson mwenyewe hakukasirika, ameniomba nikusalimie. Aliyekasirika ni Nsajigwa. Akasema, "Binti yako amekataa mume, amekataa ng'ombe, na kazi yenyewe imekwisha. Anataka nini?"

Nilitaka kunyamaza, kwa sababu mdomo wangu umeshakuponza vya kutosha. Lakini walikuwa wananitazama wote. Nikasema anataka kujua. Nsajigwa akasema, kujua nini? Nikasema, kujua kwa nini mimba moja hukaa na nyingine hupotea ingali changa. Mmoja akasema hayo ni mambo ya wanawake, si ya kuletwa kwenye kikao. Kusema kweli, mwanangu, hata mimi sikuwa na hakika kwamba nimelisema sawasawa.

Basi mke wa Nsajigwa, ambaye kwa heshima ya ukwe hajapata kusema nami hata neno moja, akasema kutoka jikoni, bila kuonekana, "Kabla ya Modesta nilipoteza nne." Nsajigwa akageuka kuutazama mlango wa jikoni. Hakuwa akijua. Wameishi pamoja miaka yote hiyo na hakuwa akijua hata moja.

Kisha yule mama akasema nikuulize kwa nini. Nikamwambia wewe mwenyewe hujui bado, na kazi umenyang'anywa. Akasema hajali, anaweza kungoja, ila nikuulize.

Basi nimekuuliza.

Baba yako,
Ambindwile